Mpe kijana bomba bovu, asome uraia

Wewe unayelea klabu ya vijana shuleni au mtaani, jaribu hili. Acha daftari la "haki na wajibu wa raia" kwa wiki chache. Waambie wachague kero moja tu wanayoiona kila siku: bomba lisilotoa maji, mtaro ulioziba, taa ya njia iliyokufa. Iwe ndogo. Wakichagua "ajira", mtaishia kulalamika.

Kisha waifuatilie wenyewe. Nani anahusika, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata au mamlaka ya maji? Hapo ndipo somo lilipo, maana hata watu wazima wengi hatulijui jibu. Waandike barua, waipeleke kwa mikono yao, na wabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, wiki ijayo wataambiwa barua haijafika.

Kama mko kijijini Tanzania, wapelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wajumbe wake ni wakazi wa miaka 18 na zaidi, kwa hiyo walio chini ya hapo ombeni wakae kama wasikilizaji. Wape kazi: taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa, kila mmoja aandike tarakimu tatu na swali moja.

Na wewe mwalimu, usiwaandikie hotuba. Kijana akishikwa na kigugumizi mbele ya mtendaji, mwache ajikwamue mwenyewe.