Kabla ya kung'oa nanga: mambo ya kuzingatia kwenye chumba cha injini

Meli ikipangiwa kuondoka saa 12 asubuhi, mhandisi wa zamu awe ameshashuka chini saa 10 alfajiri. Saa mbili zinaonekana nyingi kwa aliyeko juu sitahani, lakini injini kubwa ya dizeli ina utaratibu wake wa kuamka, na ukiuharakisha utaulipia katikati ya bahari.

Anza na daftari la zamu. Soma nini kilifunguliwa bandarini na nani alikifunga, kisha nenda mwenyewe ukashike nati, bomba na waya wa mahali hapo. Tarehe 26 Machi 2024 meli ya Dali ilizimika umeme ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani, ikagonga daraja la Francis Scott Key na wafanyakazi sita wa barabara wakafa. Wachunguzi walifuatilia chanzo hadi kwenye waya mmoja ambao haukuwa umeshika sawasawa kwenye sehemu yake. Meli yenye urefu wa mita 300, waya mmoja.

Sasa joto. Maji yanayozunguka silinda yapashwe kwanza, kwa injini nyingi hadi nyuzi 60 au zaidi. Kiwango chenyewe kipo kwenye kitabu cha mtengenezaji. Silinda ya baridi ikipigwa na moto wa ghafla inaweza kupasuka, na dizeli ndani yake haiungui vizuri. Wakati maji yanapashwa, washa pampu ya oili ili ifike kwenye kila beringi kabla chuma hakijasuguana na chuma. Chomoa kijiti cha kupimia uitazame. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo huwashi kitu mpaka ujue yametoka wapi.

Kuhusu oili na grisi huwa nawakumbusha vijana habari za Liemba. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli hiyo, wakati huo ikiitwa Goetzen, katika Ziwa Tanganyika, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mitambo ilikutwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kubeba watu. Miaka kadhaa chini ya maji! Hiyo ni kazi ya mafundi waliojua nini kinakula chuma.

Hatua ninayoipa uzito kuliko zote ni kuizungusha injini polepole kwa gia yake ya kuzungushia, huku koki za indiketa, yaani vali ndogo zilizo juu ya silinda, zote zikiwa wazi. Usiku kucha maji au dizeli huweza kuvuja taratibu na kutuama juu ya pistoni. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Injini ikiwashwa hivyo, pistoni inagota na konrodi, mkono wa chuma unaoishika pistoni, inapinda, na safari imeishia hapo hapo gatini. Baada ya kuizungusha, itoe gia, uhakikishe imetoka, kisha ipulize injini kwa hewa kidogo ukitazama kila koki inatema nini. Ukiona tone la maji, simama. Koki zifungwe zote ndipo uwashe.

Hewa hiyo ya kuwashia hukaa kwenye chupa, kwa kawaida kwa mgandamizo wa baa 30. Fungua vali za chini utoe maji na oili vilivyokusanyika, maana oili ikiingia kwenye mabomba ya hewa inaweza kulipuka wakati wa kuwasha. Kanuni za kimataifa zinataka chupa ziwe na hewa ya kuwasha mara 12 bila kujazwa upya kwa injini inayogeuzwa mbele na nyuma, na mara 6 kwa isiyogeuzwa. Nahodha anayefunga gati penye upepo mkali anaweza kuzimaliza haraka kuliko unavyodhani.

Dizeli: toa maji chini ya matangi, safisha machujio, kisha pitisha macho kwenye mabomba ya mgandamizo mkubwa. Mvujo mwembamba ukirukia bomba la moshi lililovuliwa kinga yake ni moto.

Kwa maji ya bahari, bandarini kina ni kifupi na chini pana matope na mifuko ya plastiki, hivyo tumia mdomo wa juu wa kuvutia maji. Ukishafika kwenye kina kirefu hamia wa chini, kwani meli ikiyumba ule wa juu hunyonya hewa na pampu ikapoteza maji. Chujio la akiba liwe safi tayari.

Usukani hujaribiwa ndani ya saa 12 kabla ya kuondoka, pampu moja baada ya nyingine. Meli ikiwa kwenye mwendo wake kamili, usukani uende kutoka nyuzi 35 upande mmoja hadi 30 upande wa pili kwa sekunde zisizozidi 28. Awepo mtu kule tezini, nyuma ya meli, akiangalia mvujo wa mafuta na kuongea kwa simu na briji, chumba cha juu anakoongozea nahodha. Jenereta ya dharura nayo iwashwe kweli, si kutazamwa tu: inatakiwa kushika mzigo ndani ya sekunde 45. Vivuko vya ndani ya nchi vina kanuni zao, ila vipimo hivi ni vizuri kuvifuata hata pale visipolazimishwa.

Angalia ngama, sehemu ya chini kabisa ya meli ambako maji hukusanyika. Maji yake yakiwa na mafuta yasitolewe nje bila kupita kwenye kichujio kinachoyashusha hadi sehemu 15 kwa milioni. Mikoko na madema ya wavuvi viko jirani.

Mwisho, kabla ya kuijaribu injini mbele na nyuma kwa ruhusa ya briji, linganisha saa ya chini na ya juu. Likitokea lolote, madaftari mawili yatasema dakika ileile.