Jinsi ya kusoma mgongano wa ndani katika hadithi za TAT

Wanafunzi wa saikolojia tiba wanaokuja kwangu kwa mafunzo kwa vitendo huwa na haraka ya kutafsiri alama. Bastola kwao ni hasira, dirisha ni kutaka kutoroka. TAT, yaani kipimo cha kumwonyesha mtu picha ili azitungie hadithi, haina kamusi ya namna hiyo. Ukitaka kuona mgongano wa mtu, tafuta pale ambapo mhusika anataka kitu, halafu msimulizi mwenyewe anamzibia njia.

Kipimo hiki kilibuniwa na Henry Murray na Christiana Morgan katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Walikieleza mara ya kwanza mwaka 1935, na kadi tunazotumia ni za toleo la 1943. Ziko 31, moja yake tupu kabisa. Murray alitaka mtu apewe kadi 20 kwa siku mbili tofauti. Kliniki yenye foleni haina muda huo, kwa hiyo mimi huchagua nane hadi kumi kulingana na kilichomleta mteja.

Maelekezo yawe mafupi: "Nitakuonyesha picha, unitungie hadithi. Kabla ya hapo kulitokea nini, sasa kinaendelea nini, watu hawa wanawaza na kuhisi nini, na mwisho inakuwaje?" Wengi watakuuliza, "Dokta, unataka hadithi ipi?" Mjibu kwamba hakuna ya kupata wala ya kukosa. Mwache asimulie kwa lugha aliyogombezwa nayo utotoni, hata kama mezani kwako ripoti inaandikwa kwa Kiingereza. Nakili neno kwa neno, pamoja na vicheko, "aa" na vimya. Asipotaja mwisho, uliza mara moja tu, na uweke alama kwamba umeuliza.

Sasa chukua mfano huu, ambao nimeuunda kutokana na wateja kadhaa ili asitambulike yeyote. Kijana wa chuo, hapati usingizi mitihani ikikaribia. Kadi ya 1 ni mvulana ameketi, anaitazama fidla iliyo mezani. Kijana anasimulia:

"Huyu baba yake kamnunulia fidla, imemgharimu sana. Mtoto hataki... hapana, anapenda, anapenda sana kupiga. Ila leo amechoka. (Kimya.) Baba akirudi jioni atamuuliza umejifunza nini. Basi anaichukua, aa, kumbe waya umekatika. Kwa hiyo hawezi kupiga, si kosa lake. Mwisho akawa mwanamuziki mkubwa, akamjengea baba nyumba."

Murray angeanza na mhusika mkuu: nani anabeba hadithi? Hapa ni mtoto. Kisha haja zake, yaani anachokitaka, na shinikizo, yaani kinachomkabili kutoka nje. Haja ziko mbili na zinavutana: kupumzika, na kumridhisha baba. Shinikizo ni gharama ya fidla na swali la jioni. Hadi hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaona.

Utajiri uko kwenye mishono. "Hataki" imetoka mdomoni, ikafutwa papo hapo kwa "anapenda" mara mbili. Kimya kimekuja kabla ya baba kurudi, si baada. Waya uliokatika ameuleta yeye mwenyewe, na umekatika bila mkono wa mtu: kukataa kumefanyika, ila hakuna aliyekataa. Kisha mwisho unaruka. Kutoka waya uliokatika hadi umaarufu hakuna hata hatua moja ya njia, na mafanikio yenyewe yanalipwa kwa baba kama deni. Mwanasaikolojia Phebe Cramer, aliyetengeneza namna ya kupima kinga za nafsi (njia ambazo akili hujikinga na kinachoiumiza) katika hadithi hizi, angeangalia hapo kama kuna ukanaji, yaani kutokubali kuona kinachouma.

Ninachoandika pembeni ni swali tu: je, kwa kijana huyu kusema "sitaki" ni sawa na kumkosea baba? Kisha naenda kulitafuta kwenye kadi nyingine. Mimi hudai lijitokeze kwenye kadi tatu, na angalau moja isiwe na mzazi pichani. Lisipojitokeza naliacha, hata kama lilikuwa zuri.

Kuna jambo la kuangalia kabla hujamwita mtu mgonjwa. Kadi zenyewe zinavuta hadithi upande fulani. Ya 3BM, mtu aliyejikunyata chini karibu na kochi, huleta huzuni kwa karibu kila mtu, na mwanasaikolojia Leonard Eron alikwishaonyesha mwaka 1950 kwamba hadithi za TAT kwa jumla huelemea huzuni. Ya 2, msichana mwenye vitabu na nyuma yake shamba, kwetu huzaa hadithi ya mtoto anayesomeshwa na ukoo mzima. Deni hilo ni maisha ya kawaida. Huwa mgongano pale linapomfunga mhusika asiweze kusogea. Mtu wa bara akiiita ile fidla gita, usiandike kwamba haoni vizuri. Mtu wa pwani ameizoea kwenye taarab. Ni kwa sababu za aina hii mwanasaikolojia S. G. Lee alitoa kadi maalumu kwa Waafrika, Afrika Kusini, mwaka 1953.

Udhaifu wa TAT ni mkubwa na usiufiche. Wasomaji wawili wasiotumia mfumo wowote wa kuweka alama wanaweza kutoa picha za watu wawili tofauti kutoka hadithi ileile. Mpe mwenzako nakala isiyo na jina, asome kabla hujamwambia unachofikiri. Na akija mwajiri anataka umchujie wafanyakazi kwa kadi hizi, kataa.

Mteja akirudi, usimsomee tafsiri yako. Msomee sentensi yake, "Kwa hiyo hawezi kupiga, si kosa lake," umuulize kama kuna jambo katika maisha yake linalofanana na hilo. Akisema hakuna, andika hivyo. Kwenye ripoti usiseme "ana uadui uliofichika dhidi ya baba." Sema: "Katika hadithi nne kati ya tisa, mhusika anaepuka wajibu kwa ajali, bila kukataa mwenyewe. Inapendekezwa suala hili lijadiliwe katika ushauri." Utambuzi wa ugonjwa uutoe kwenye mahojiano na historia yake, si kwenye kadi.