Namna ya Kuhakiki Nyonga au Goti la Bandia Lililotangazwa Kuondolewa Sokoni
Ikiwa uliondoka Unguja au Pemba ukawekewa nyonga au goti la bandia Dar es Salaam au India, itafute kwanza karatasi ya upasuaji yenye vibandiko vidogo vya kiwandani, kwani ndivyo vinavyoonyesha mtengenezaji, aina na namba ya toleo. Jina la daktari peke yake halitoshi. Karatasi ikipotea, iandikie hospitali iliyokupasua.

Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za bandia za aina iitwayo ASR, ambazo chuma chake, kikisuguana na chuma, humwaga mwilini chembechembe za kobalti na kromiamu. Namba za vibandiko vyako zikilingana na zile za tangazo la kuondoa kiungo sokoni, usikimbilie kupasuliwa tena: mwone daktari wa mifupa, akupige eksirei na, kwa nyonga za namna hiyo, akupime damu, hata kama huumwi.