Kabla hujaandika pendekezo la SBIR: fedha za utafiti wa anga na ulinzi kwa kampuni ndogo

Nchini Marekani, kila wizara au idara ya serikali kuu inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwenye utafiti unaofanywa na watu walio nje ya idara hiyo hubanwa na sheria kutengea kampuni ndogo asilimia 3.2 ya fungu hilo. Huo ndio mpango wa SBIR (Utafiti wa Ubunifu wa Kampuni Ndogo), ulioanza mwaka 1982. Mwenzake, STTR, ulikuja mwaka 1992 na hudai kampuni ishirikiane na chuo au taasisi ya utafiti. Wizara ya Ulinzi ndiyo yenye fungu kubwa kuliko wote. NASA nayo imo. Serikali haichukui hisa wala haidai kurudishiwa, na kwa hiyo ushindani ni mkali. Inauma kuona wazo zuri likikataliwa bila kusomwa kwa sababu ya makaratasi, na hilo linaepukika.

Hakikisha kwanza sifa unazo. Kampuni iwe ya biashara, iwe Marekani, isizidi wafanyakazi 500 pamoja na wa kampuni zenye uhusiano nayo, na zaidi ya nusu ya umiliki uwe wa raia wa Marekani au wakaazi wa kudumu. Mhandisi aliyetoka Mombasa au Dodoma na sasa ana grinikadi anaruhusiwa kabisa. Lakini mada nyingi za ulinzi, yaani matatizo ambayo wizara inataka yatatuliwe, zinaongozwa na ITAR, sheria za Marekani zinazodhibiti kutoka nje kwa silaha na teknolojia yake: mfanyakazi wako mwenye viza ya kazi tu, mathalani H-1B, hawezi kuona michoro ya kiufundi inayolindwa na sheria hizo bila kibali, na ni lazima umtaje kwenye pendekezo. Mwekezaji au mradi wa pamoja ulio nje ya Marekani nao utangazwe kwenye fomu ya mahusiano ya kigeni. Kuficha ni hatari kuliko kusema.

Usajili uanze angalau wiki 6 kabla. Fungua akaunti ya Login.gov, kisha jisajili SAM.gov, daftari la serikali la wanaofanya nayo biashara, upate namba ya utambulisho ya UEI yenye tarakimu na herufi 12, kisha sajili kampuni SBIR.gov, na kwa Wizara ya Ulinzi malizia DSIP, tovuti yake ya kupokea mapendekezo. Panapokwama ni SAM: jina la kisheria na anwani ya mtaa lazima vilingane na hati za kampuni mpaka mkato wa mwisho. Usajili wake ni bure, na huisha baada ya siku 365. Anayekutoza ada si serikali.

Sasa sehemu ambayo wageni wengi huipuuza. Wizara ya Ulinzi hutangaza mada kabla ya kufungua mlango wa kupokea mapendekezo. Katika kipindi hicho unaruhusiwa kumpigia au kumwandikia moja kwa moja mtaalamu aliyetajwa kwenye mada. Mlango ukifunguliwa, maswali hupita kwenye mfumo tu na majibu huonwa na wote. Itumie nafasi hiyo. Usimuulize "mnataka nini?" kwa kuwa jibu limo kwenye mada. Uliza kifaa kitafungwa kwenye chombo gani, njia iliyopo sasa inashindwa wapi, uzito na umeme unaoruhusiwa ni kiasi gani, na nani ndani ya jeshi atakihitaji baadaye. Akisita kwenye swali la mwisho, tafuta mada nyingine: Awamu ya 3, yaani hatua ya kuuza kilichotengenezwa, haina fedha za SBIR, hivyo bila mnunuzi kazi yako itaishia kwenye ripoti.

Kisha hesabu. Katika Awamu ya 1 ya SBIR, ya kuonyesha kwamba wazo linawezekana, kampuni yenyewe ifanye angalau theluthi mbili ya kazi. Awamu ya 2, ya kuliendeleza wazo hilo, nusu. Kwenye bajeti ya dola 150,000, chuo na washauri wote kwa pamoja wasipite 50,000. Makosa huzaliwa pale chuo kinapoongeza gharama zake za uendeshaji siku ya mwisho na kuvuka mpaka huo, basi taka bei yao kwa maandishi mapema. Mtafiti mkuu naye awe ameajiriwa na kampuni kwa zaidi ya nusu ya muda wake. Profesa wa kudumu hafai hapo, labda kwenye STTR, ambako kampuni hubeba angalau asilimia 40 na taasisi 30.

Lengo la kiufundi liwe na kipimo. "Kuboresha betri ya droni" halipimiki. "Kupunguza uzito wa kasha la betri kwa asilimia 20 likiwa bado linahimili mtikisiko kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri" linapimika, na mkaguzi anaona jaribio litakavyokuwa.

DSIP hufunga saa 6 kamili mchana kwa saa za Washington, ambayo California ni saa 3 asubuhi. Tuma siku mbili kabla, kisha hakiki kwamba kila juzuu (sehemu) la pendekezo limethibitishwa. Ruhusa ya Bunge kwa mipango hii huwa na ukomo. Ya mwaka 2022 iliishia tarehe 30 Septemba 2025, na ruhusa ikikatika miito mipya husimama. Angalia hali ilivyo kabla ya kuajiri mtu.

Ukishinda, weka tamko la haki za data za SBIR, linaloweka mipaka ya jinsi serikali inavyoweza kuitumia data yako, kwenye kila ripoti na mchoro unaokabidhi. Haki hizo hudumu miaka 20. Data isiyo na tamko hilo huhesabiwa kuwa serikali inaweza kuitumia bila kikomo, na muda wa kuomba kurekebisha ni miezi 6.