Somo: Mafua yamekukamata katikati ya maandalizi ya marathoni, urudi vipi mazoezini

Habari za leo wanakikundi. Swali la mafua limeulizwa sana, na wengi wanaouliza wameshachanganyikiwa: ratiba inadai kilomita, pua imeziba, siku ya mashindano inakaribia. Naandika hili kwa wale wanaolala kitandani wakihesabu mazoezi yaliyowapita. Siku tano za kupumzika haziharibu maandalizi ya miezi minne. Kinachoyaharibu ni wiki inayofuata, pale mtu anapotaka kuzirudisha siku hizo kwa nguvu.

Hatua ya 1: Jua unaumwa nini

Makocha wengi hutumia shingo kama mpaka. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani kamasi, chafya, koo linalowasha kidogo, unaweza kukimbia taratibu kwa dakika 20 hadi 30, ukitaka. Zikishuka chini ya shingo, yaani kikohozi cha kifuani, kubanwa pumzi, maumivu ya misuli, kuharisha, hukimbii. Na ukiwa na homa hukimbii hata kama kichwa ni chepesi na miguu inakuwasha kutoka. Pima kwa kipimajoto, na upime kabla ya kumeza parasitamoli, kwa sababu dawa hiyo inashusha joto huku ugonjwa ukiwa palepale.

Kwa nini nakazania homa? Baadhi ya virusi hufika hadi kwenye misuli ya moyo na kuifanya ivimbe. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea, mazoezi makali huzidisha madhara, na wapo wanamichezo wenye afya njema walioanguka ghafla kwa sababu hiyo. Hakuna zoezi linalostahili hatari hiyo.

Hatua ya 2: Pumzika kikweli

Mafua ya kawaida huchukua siku 7 hadi 10, na siku mbili tatu za mwanzo ndizo ngumu. Lala zaidi ya kawaida yako, kunywa vya moto, kula hata kama chakula hakina ladha. Antibiotiki hazisaidii, kwa kuwa mafua ni virusi na dawa hizo ni za bakteria. Angalia pia dawa za kuzibua pua: nyingi zina pseudoefedrini, ambayo hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, wanaizuia siku ya mashindano ikizidi kiwango fulani kwenye mkojo. Maji ya chumvi ya kusafishia pua hayana shida hiyo.

Hatua ya 3: Uulize mshipa wako asubuhi

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko hisia. Ukiamka, kabla hujainuka wala kushika simu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, bonyeza kidogo, hesabu mapigo kwa sekunde 60. Anayezoea kupata 52 akikuta 61, mwili wake bado uko kazini. Subiri hadi namba irudi karibu na kawaida yako. Asiyewahi kujipima akiwa mzima hana cha kulinganisha, kwa hiyo aanze kuandika namba hizi akishapona.

Hatua ya 4: Rudi kwa ngazi

Kama ulikuwa na homa, iwe imekaa mbali angalau saa 24 bila msaada wa dawa yoyote. Siku ya kwanza kimbia dakika 20 hadi 30, tambarare, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kukatika. Dakika kumi za mwanzo zitakujibu: mwili ukifunguka, endelea, kichwa kikianza kugonga au kifua kikibana, geuza urudi nyumbani ukitembea. Siku ya pili ongeza kidogo. Mazoezi ya kasi na vilima yasubiri mpaka umekimbia mara tatu nne kwa wepesi na ukaamka vizuri kesho yake.

Utashangaa mapigo yanapanda juu kwa mwendo uleule wa zamani. Usiogope. Ukipumzika siku chache, maji ya damu hupungua kidogo, moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi, na hali hiyo hurekebika haraka ukishaanza kukimbia. Kwa hiyo siku hizi fuata pumzi, saa iache.

Mbio ndefu ya kwanza isiwe pale ulipoachia. Kama ya mwisho ilikuwa kilomita 28, rudi na 16 au 18.

Hatua ya 5: Usifidie

Maji yakimwagika hayazoleki. Mazoezi yaliyopita yafute kwenye ratiba, usiyapachike kwenye wiki mpya. Umekosa siku tatu, endelea kama ilivyopangwa. Umekosa wiki moja, rudia wiki ya kabla ya ugonjwa kwa kilomita pungufu, kisha endelea. Ukivuka wiki mbili, lengo la muda lipimwe upya.

Maswali ya wanachama

*Kocha shikamoo. Mbio zangu ni Jumapili hii na mafua yameanza jana. Nifanye nini?*

Marahaba. Wiki ya mwisho hakuna unachoongeza miguuni, kwa hiyo lala, umebahatika kuumwa wakati wa kupumzika. Jumapili asubuhi ukiwa na homa au kifua kimebana, usianze. Ikibaki kamasi tu, anza taratibu kuliko ulivyopanga na uangalie hali kwenye kilomita ya 10. Usimeze ibuprofeni ili ujikaze, maana ikikutana na upungufu wa maji mwilini inaumiza figo.

*Mimi nimezoea kukimbia nitoke jasho ili mafua yatoke. Ni kosa?*

Jasho halitoi virusi. Kukimbia kidogo huzibua pua kwa muda, ndiyo maana mtu huona amepona, halafu jioni anarudi kitandani. Anayekimbia sana akiumwa anajirefushia ugonjwa.

*Nimepona kila kitu ila kikohozi kikavu, wiki ya pili sasa.*

Kikohozi hubaki nyuma hata wiki tatu, njia za hewa zikiwa bado zimekasirika. Kikiwa kikavu, bila homa, kimbia mwepesi na upashe mwili polepole, kwa sababu hewa baridi na pumzi nzito ndizo zinazokichokoza. Kikivuka wiki tatu, au ukisikia mluzi kifuani, maumivu, au ukiona damu, nenda kwa daktari.

*Nikiwa na kamasi tu, naweza kuja mazoezi ya pamoja?*

Hapana ndugu yangu. Siku za mwanzo ndizo unazoambukiza zaidi. Kimbia peke yako, na chupa ya maji usimpe mtu.

*Kocha, nimepoteza wiki tatu nzima na nilikuwa nalenga kumaliza kwa saa 3 na dakika 45. Zimebaki wiki sita. Niache?*

Usiache. Tumia wiki mbili kurudi kwa ngazi kama nilivyoeleza, kisha wiki ya tatu kimbia kilomita 21, 10 za mwisho kwa mwendo wa lengo lako, dakika 5:20 kwa kilomita. Ukizimaliza na bado unaweza kuongea, lengo linaishi. Ukihema tangu kilomita ya tatu ya hizo, lenga saa 4:00, yaani dakika 5:41 kwa kilomita, na wiki mbili za mwisho punguza mazoezi kama ilivyopangwa, usizifupishe wiki hizo ili kupata kilomita zaidi.