Jinsi ya kufuatilia makaratasi ya jeshi la Marekani ya mwanzo (1784 hadi 1800) ukiwa zako Dodoma

Wadogo zangu wa UDOM na St John's mnaonitafuta inbox kuhusu hii topiki ya utawala wa jeshi la Marekani enzi nchi yao bado changa, hebu tuimalize hapa niache kujibu mmoja mmoja. Wengi mkishapewa topiki mnakimbilia vita, nani kampiga nani, mnajaza kurasa kumi za Washington juu ya farasi, alafu kazi ikirudi imechorwachorwa nyekundu mnasema supavaiza ana roho mbaya. Hana. Utawala wa jeshi ni nani kaagiza viatu, nani kalipa, nani kasaini kupokea, na hiyo karatasi leo iko wapi. Aliyefanya field masjala kwenye wizara yoyote pale Mtumba ataielewa hii mada haraka kuliko aliyekariri majina ya majenerali.

Kabla hujafungua chochote kata miaka. Ukisema 1776 hadi 1815 utazama. Mimi nashauri 1784 hadi 1800. Juni 1784 Kongresi yao ilipunguza jeshi mpaka likabaki na askari 80, yaani 25 Fort Pitt na 55 West Point, kazi yao kulinda silaha na mizigo ya serikali, basi, na kesho yake tu wakageuka kuomba majimbo manne yatoe watu 700. Unaanza karibu na sifuri kwahiyo kila kitu kinachoongezeka utakiona kikiongezeka. Mwisho wa 1800 sababu yake ni moto, nitaufikia.

Alafu andika kwenye kikaratasi ubandike ukutani: waziri nani na makao makuu wapi. Henry Knox anashika ofisi 1785, Wizara ya Vita ya katiba mpya inaundwa tarehe 7 Agosti 1789 naye anaendelea mpaka mwisho wa 1794, anakuja Timothy Pickering 1795, James McHenry kuanzia 1796 mpaka 1800 anapoondoka, Samuel Dexter anamalizia. Serikali ipo New York mpaka 1790, Philadelphia miaka kumi, alafu 1800 inahamia mji wa Washington. Sie wa Dodoma hili hatuhitaji kuelezwa sana, tumeona malori yakishusha makabati na mafaili ya wizara, na kila karani anajua kuna faili likiambiwa "lipo kwenye boksi" basi ndo bye bye.

Jingine, jina la wizara lisikudanganye. Hawa walikuwa wanashughulika pia na mikataba na mataifa ya wenyeji wa asili, pensheni za majeruhi wa vita, na hata meli za kivita mpaka Aprili 1798 ilipoundwa wizara ya jeshi la majini. Kwahiyo ukiwa unatafuta mkataba wa ardhi na taifa fulani la wenyeji usishangae unaukuta pamoja na barua za kuagiza baruti.

Sasa moto. Tarehe 8 Novemba 1800 ofisi ya Wizara ya Vita pale Washington iliungua, miezi michache tu tangu wahame, mafaili yakateketea. Ilikuwa kipindi cha uchaguzi, na Januari 1801 Hazina nayo ikashika moto, basi magazeti ya upande wa pili yakaanza maneno kwamba wanaoondoka madarakani wanachoma ushahidi. Ukiliweka hili kwenye kazi yako liweke kama maneno ya magazeti, msiandike kama ndo kilichotokea, nawajua.

Kwa sababu ya huo moto ile njia ya kawaida ya kufungua faili la wizara haipo. Lakini barua ina watu wawili. Kopi ya wizara imeungua, ya aliyepokea ilibaki kwake, kwa wajukuu, kwenye maktaba za majimbo huko. Watafiti walizunguka miaka mingi wakikusanya kopi za namna hiyo, mradi unaitwa Papers of the War Department, zipo mtandaoni bure. Ila kama hujazoea mwandiko wa zamani anza na Founders Online, humo barua za Rais Washington na Hamilton (waziri wake wa Hazina) zimeshachapwa upya, zinasomeka hata kwa simu, tumia bando la usiku. Na ukitafuta usitafute "Knox" peke yake utaletewa msitu, tafuta jina la mpokeaji pamoja na mwezi.

Tufanye mfano mmoja, na hakuna mtamu kama 1791. Tarehe 4 Novemba jeshi la Marekani chini ya jenerali Arthur St. Clair lilipigwa vibaya kando ya mto Wabash na muungano wa mataifa ya wenyeji wakiongozwa na kina Little Turtle na Blue Jacket, askari zaidi ya 600 wakafa. Wanafunzi wengi wanaishia hapo. We rudi nyuma mwaka mzima, chora jedwali la safu tatu daftarini, aliyeagiza, aliyelipa, aliyepokea, alafu anza kujaza. Tenda ya chakula ilikuwa ya Theodosius Fowler, akamwachia William Duer, na huyu Duer alishawahi kuwa msaidizi wa Hamilton pale Hazina (unasikia harufu?). Mkataba wenyewe ni wa Hazina, sio wa Knox. Mahema, viatu, baruti na farasi ni kazi ya kwatamasta (afisa wa vifaa vya jeshi), Samuel Hodgdon, ambaye alichelewa Philadelphia akachelewa tena Pittsburgh, kufika ngome ya Fort Washington, jeshi lilikokuwa linamsubiri, ni Septemba wakati jeshi lilitakiwa liwe limeshaondoka kitambo. Sehemu kubwa ya wale askari ni wa muda, wa miezi sita, kwahiyo wapo porini na muda wao unaisha, baridi inaanza, chakula hakieleweki. Na Duer akili yake ipo kwenye ardhi na hisa, Machi 1792 akafilisika akawekwa jela ya wadaiwa.

Ukishajaza hilo jedwali utaona kitu ambacho simulizi ya vita haikuonyeshi: Knox anaagiza, Hazina inalipa, kwatamasta anapokea, St. Clair anasubiri, na hakuna anayewaunganisha wote isipokuwa Rais mwenyewe. Hoja yako ipo hapo. Mimi sikubaliani na wanaomtupia Hodgdon kila kitu, alikuwa mzembe sawa, ila hata asingekuwa mzembe hela na mamlaka vilikuwa kwenye nyumba mbili tofauti.

Usiache kufuata kilichofuata, maana huko kuna karatasi nyingi. Machi 1792 Baraza la Wawakilishi likaunda kamati ya kuchunguza, ikamuomba Knox nyaraka, Knox akamkimbilia Washington, Washington akaita mawaziri wake, wakakubaliana kwamba Rais anaweza kukatalia nyaraka ambazo zikitoka zitaumiza umma, ila safari hii wapewe. Ripoti ikamsafisha St. Clair, lawama ikaangukia upande wa kwatamasta na mzabuni. Tarehe 8 Mei 1792 ikatoka sheria ya kupeleka manunuzi yote ya jeshi Hazina, na ikaleta mhasibu wa Wizara ya Vita, na manunuzi hayakurudi wizarani mpaka Julai 1798. Maana yake kwako: mkataba wa nguo wa 1795 ukiutafuta kwa Waziri wa Vita tu utakesha bure, nenda kwenye karatasi za Hazina.

Kama unataka upande wa askari wa kawaida chukua sheria ya Aprili 1790. Mshahara dola 3 kwa mwezi, wanakata senti 90 za sare na senti 10 za dawa, anabaki na dola 2, na hizo nazo zinachelewa. Chakula cha siku ni ratili moja ya nyama ya ng'ombe au robo tatu ya ratili ya nyama ya nguruwe, ratili ya mkate au unga, na kapombe kidogo. Ratili moja ni kama gramu 450. Piga hesabu ya watu 1,000 kwa siku 30 ndo utaelewa kwanini mzabuni akichelewa wiki moja jenerali anaanza kuandika barua za kulia.

Mambo madogo yanayowaangusha watu. Herufi s ya zamani katikati ya neno inafanana na f, usiniletee maneno ya ajabu. Ukiona inst. ni mwezi huo huo wa barua, ult. ni uliopita. Pauni za vitabu vya majimbo hazilingani, dola moja New York ni shilingi 8, Pennsylvania 7 na peni 6, Virginia 6, kwahiyo usijumlishe kabla hujajua kitabu ni cha wapi. Na kila barua iandikie tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kufika, habari ya kipigo cha tarehe 4 Novemba Washington aliipeleka Kongresi tarehe 12 Desemba, sasa we unamlaumu mtu wa Philadelphia kwa kutojua jambo la juzi lake huko msituni, utakuwa unamuonea.

Ukimaliza 1791 rudia jedwali lile lile kwa jeshi la jenerali Anthony Wayne, aliyekuja baada ya St. Clair, 1792 mpaka ushindi wa Fallen Timbers tarehe 20 Agosti 1794, ndo uone nini kilibadilika kwenye zile safu tatu na nini kilibaki vilevile. Penye pengo acha kisanduku wazi, usikijaze kwa kukisia, na pembeni andika ulitafuta kwa nani ukakosa. Anayetaka nimsomee rasimu aje na jedwali lake, bila jedwali sisomi.