Soma namba ya injini kabla ya kulipia gari lililobadilishwa injini
Wiki iliyopita hapa Moshi nusura nilipie Toyota Mark II GX110 iliyotolewa injini ya 1G na kuwekewa 1JZ. Kabla hamjaanza kujadiliana bei, futa grisi kwenye bloku (mwili wa injini) kwa kitambaa, usome namba iliyogongwa pale na kuilinganisha na ile ya kwenye kadi ya gari, kwa sababu zikitofautiana, mabadiliko hayajaingizwa kwenye usajili wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na usumbufu wa kuyahalalisha utakuangukia wewe. Namba ikiwa imekwanguliwa, usinunue kabisa. Hata hivyo, namba kulingana hakuthibitishi kwamba injini imefungwa vizuri. Kwa hilo, lipandishe gari mwinuko wa kwenda Marangu, ukisikiliza kama propela (shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) inatetemesha sakafu unapokanyaga mafuta.